Chumba cha Kunyamazia

Waliomwita Redio hawakumwonea. Alikuwa kinyozi mwenye kiti kimoja, kioo chenye ufa na mashine ya kunyolea iliyounguruma kama inadai haki zake, lakini wateja wake walikuwa wengi kuliko wa saluni ya jirani yenye viti vinne na kiyoyozi. Watu walikwenda kwake hata kama hawana nywele. Alikuwepo mzee mmoja mwenye upara wa kung'aa aliyefika kila Jumamosi, akakaa, akafungwa kitambaa shingoni, akapakwa spiriti kichwani, akalipa na kuondoka akiwa amecheka vya kutosha wiki nzima. Redio alisema huyo ndiye mteja wake bora, maana hachoshi mashine.

Kwa hiyo siku ilipobidi shemeji yake apelekwe hospitali kupigwa picha, na ikaonekana Redio peke yake ndiye mwenye nafasi, familia ilijua inamtuma mtu wa namna gani. Mkewe alikuwa zamu kiwandani. Mama mkwe miguu ilikuwa imemvimba. "Umpeleke, umrudishe," mama mkwe alimwambia, "na hapo katikati ujitahidi kufunga mdomo." Hakucheka. Si kwamba alikuwa na ugomvi na mkwewe. Ni vile tu kwamba miaka yote hiyo alikuwa hajaamua kama binti yake mdogo aliolewa au alitaniwa.

Shemeji mwenyewe alikuwa dada mkubwa wa mkewe, fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alianza kwa uvimbe kando ya shingo aliodhani ni jipu, akaukanda kwa maji ya moto, akaupaka kila alichoshauriwa na kila aliyepita, mpaka alipopelekwa kwa daktari na kuambiwa kwamba uvimbe huo una mwenzake kifuani, mkubwa zaidi. Saratani ya mitoki. Uvimbe wa kifuani ulikuwa umebana mshipa wa fahamu, ukamwachia sauti ya kukwaruza. Redio alimwambia sasa anaongea kama askari mstaafu na akaanza kumpigia saluti kila akimwona. Nywele zilipoanza kudondoka baada ya dripu ya kwanza ya kemo, ni Redio aliyemnyoa, kwenye kiti kilekile, akamwambia kwamba kama angejua ana kichwa kizuri kiasi hicho angeanza kumchumbia yeye. Fundi alimpiga kibao cha mkono. Hayo yalikuwa matani ya mashemeji, na hakuna aliyeyachukulia vingine.

Daktari wa saratani alikuwa mtu wa maneno machache ila aliyatumia vizuri. Aliwaeleza kwamba baada ya dripu chache tu za mwanzo kuna picha ya namna yake. Mgonjwa anachomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, na uvimbe wenye uhai huwa na uroho wa sukari, unaibugia mpaka unang'aa kwenye kioo cha kompyuta. Ukipigwa picha mapema ukaonekana umezima, hata kama bado upo, dawa inafanya kazi na mgonjwa anaendelea nayo. Ukionekana bado unakula, dawa imeshindwa, na hakuna haja ya kungoja hadi mwisho ndipo ijulikane. Wanampandisha mara moja kwenye dawa kali. Dawa hiyo kali ilikuwa ya kulazwa, na wengi iliwaacha na ganzi kwenye vidole, wengine moja kwa moja.

Fundi aliuliza swali moja tu. "Vidole vyote?"

Daktari alisema mara nyingi vyote.

Sehemu ya kupigia picha ilikuwa chini kabisa ya jengo, korido ndefu yenye milango mizito na baridi ya kutosha kugandisha siagi. Muuguzi wa huko, mwanamama mnene mpole aliyeitwa na wote Sista, alimchoma Fundi sindano, akamlaza kwenye kiti cha kuegama ndani ya chumba kidogo chenye taa hafifu, akamfunika blanketi mbili hadi kidevuni. Kisha akampa masharti, na alipokuwa akiyatoa alimtazama Redio kana kwamba ameshapewa habari zake.

"Sukari hii inamfuata anayefanya kazi," alisema. "Ukitembea, miguu itaila. Ukitafuna bazoka, mataya yataila. Ukiongea, koo litaila. Na kila kilichoila kitawaka kwenye picha, daktari ashindwe kujua huu ni ugonjwa au ni umbea. Kwa hiyo utulie hivyohivyo mpaka nije nikuchukue. Simu hapana. Usisali kwa sauti, Mungu anasikia hata kimoyomoyo."

Redio akasema yeye si mgonjwa, yeye anaruhusiwa kuongea. Sista akamjibu kwamba ndiyo maana atakaa nje.

Akakaa nje, kwenye benchi la chuma mkabala na mlango. Mlango ulikuwa na kidirisha cha kioo usawa wa uso. Kazi ya Sista ilikuwa kukaa karibu na kuchungulia humo mara kwa mara, na mwanzoni alichungulia. Lakini alikuwa ameamka alfajiri na hakuwa ametia kitu mdomoni. Baada ya muda alimwambia Redio anakwenda mara moja jikoni kunywa chai, atupe jicho humo, na mgonjwa akihitaji kitu aje aite. Kandambili zake zikasikika korido nzima, kisha zikanyamaza.

Redio akatupa jicho kama alivyoagizwa. Fundi alikuwa amelala chali vilevile alivyoachwa, na machozi yalikuwa yakimtiririka pembeni mwa macho, yakiingia masikioni. Hakuyafuta, maana mikono ilikuwa chini ya blanketi na aliambiwa asijitikise. Alikuwa anatii masharti na analia.

Redio alikuwa amemwona mwanamke huyu akitapika hadi kubaki mtupu. Alikuwa amemwona na kipara, na midomo iliyochubuka, akipanda ngazi kwa kushika ukuta. Hakuwahi kumwona analia. Alirudi kwenye benchi. Akainuka. Akakaa tena. Mwisho akasukuma mlango, akaingia, na kwa kuwa mwanga wa korido ulimpiga mgonjwa usoni, akaufunga nyuma yake.

Alivuta stuli, akanong'ona kwamba machozi nayo ni maji ya mwili, atakaukiwa. Fundi akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa macho: midomo, marufuku. Redio akamwambia amesikia, yeye Fundi asiseme kitu, aliyekatazwa ni mwenye koo lenye sukari. Hakuna aliyekataza kusikiliza. Kisha akaanza. Akamsimulia mzee wa upara alivyolalamika kwamba safari hii amepunguzwa sana pembeni. Akamsimulia bwana harusi aliyesinzia kwenye kiti, akaamka na kukuta ndevu zimekwenda, ndugu zake wakamkana mlangoni. Fundi alibana midomo. Alibana mpaka blanketi likatikisika. Halafu kikamtoka kicheko kile cha kukwaruza, na baada ya kicheko likamtoka neno.

"Naogopa, shem."

Redio akamshika mkono. Na Fundi, kwa kuwa ameshavunja sharti, akaongea. Aliongea kwa sauti ya chini, kwa nguvu, kama mtu anayekamua nguo. Alieleza jinsi anavyoamka akijipapasa shingo kabla hajafungua macho. Jinsi mama yao anavyomtazama akila, na yeye anavyolazimika kumeza ili mama naye apate kumeza. Jinsi mwanamke mmoja alivyomletea kitambaa cha gauni, akamtazama kichwa, akakirudisha kitambaa kwenye mkoba na kusema atapita siku nyingine. Akalia tena katikati, akacheka tena, akamwigiza yule mwanamke. Redio hakupata hata nafasi ya kuingiza sentensi. Waliendelea hivyo sehemu kubwa ya muda uliowekwa wa kunyamaza, mpaka kandambili ziliposikika mwisho wa korido.

Sista alimkuta Redio kwenye benchi, ameshika tama kama mfiwa. Akauliza kama mgonjwa ametulia.

"Kama maji mtungini," alisema Redio.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa amejaa furaha ya mtu aliyetenda wema usio na shahidi. Alikumbuka kwamba Sista alisema jambo kuhusu koo. Lakini mashine ya ukubwa ule, alijiambia, haiwezi kubabaishwa na soga za watu wawili.

Siku ya majibu waliingia wote kwenye chumba cha daktari: Fundi, mama yake, mdogo wake, na Redio aliyesimama nyuma kwa sababu viti vilikwisha. Daktari aliwageuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na picha mbili zimesimama pamoja, mwili wa Fundi kama kivuli cha kijivu. Katika ile ya zamani, iliyopigwa kabla ya dawa kuanza, kifuani palikuwa na kitu kinachong'aa kama kaa la moto, na kingine shingoni. Katika ile mpya kifua kilikuwa kimezimika kabisa.

Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti. Mkewe Redio alimkamata dada yake bega. Daktari hakuungana nao. Aliweka ncha ya kalamu kwenye shingo ya ile picha mpya, palipokuwa na doa dogo, jeupe, upande mmoja wa koo.

Akaeleza polepole kwamba doa hilo linamsumbua. Haliko pale ulipokuwa uvimbe wa kwanza, ila liko karibu, na linang'aa sana. Yawezekana ugonjwa umehama wakati dawa inaendelea, na ugonjwa unaohama wakati wa dawa ni ugonjwa usioisikia dawa. Koo la mtu aliyeongea nalo huweza kung'aa, alisema, lakini kwa kawaida hung'aa pande zote mbili sawasawa, na hili ni la upande mmoja. Hata hivyo inampasa aulize. Akamgeukia Fundi.

"Ulipokuwa unangojea kule chini, uliongea?"

Fundi alitazama mikono yake. Swali lilikuwa jepesi, lakini lilikuwa na mkia. Akisema ndiyo, mama yake ataliuliza la pili: na nani? Na jibu la hilo lingekuwa na giza ndani yake, na mlango uliofungwa, na mume wa mdogo wake amemshika mkono.

"Hapana, daktari."

Daktari akampigia simu Sista, naye akaja kusimama mlangoni akifuta mikono kwenye aproni. Alipoulizwa alisema alikuwepo muda wote. Alisema haraka. Kisha macho ya daktari yakampata Redio kule nyuma, akamuuliza kama si yeye aliyekuwa pale mlangoni.

"Ndiyo, daktari."

Basi. Mtu aliyeweza kuzungumzia mvua ambayo haijanyesha kwa muda wa kunyoa vichwa vitatu aliishia hapo. Alihisi masikio yanachoma. Alimwona Sista anamtazama, akaelewa kwamba Sista ana chai yake ya kuficha kama yeye alivyo na yake, na kwamba watu watatu katika chumba hicho kila mmoja ana kipande cha habari ya doa lile na kila mmoja anamngojea mwenzake.

Daktari akasema sawa, ikiwa ni hivyo analazimika kuiamini picha. Dawa ibadilishwe. Fundi alazwe Jumatatu.

Redio alimkuta Fundi kwenye korido, kwenye bomba la maji ya kunywa, wale wengine wametangulia. Hakusema utani. Alimwambia kosa ni lake yeye, doa ni la yale maongezi, warudi ndani sasa hivi.

"Nyamaza," Fundi alisema. "Ukisema, Mama atauliza mlikuwa mkifanya nini humo gizani. Mdogo wangu naye atauliza, hata kama hatafungua mdomo. Utawajibu nini? Kwamba nililia? Sijawahi kulia mbele yao hata siku moja, shem. Hicho tu ndicho kilichobaki ninachowapa." Alikunywa maji. "Halafu wewe si daktari. Amesema mwenyewe la kuongea linakuwa pande mbili. Kama ni ugonjwa kweli? Utajiaibisha bure, na mimi utanicheleweshea dawa."

Maneno hayo yalikuwa na akili. Redio aliyapima kila upande akaona yana akili. Na alipoyakubali, alihisi mzigo unamshuka mabegani, pumzi ikamrudi, akajua papo hapo kwamba hakuyakubali kwa sababu yana akili. Aliyakubali kwa sababu yalimfaa. Kuanzia hapo hakupata usingizi mzuri.

Kwenye saluni alinyoa kimya. Wateja walimtazama kwenye kioo chenye ufa, mmoja akamuuliza kama amefiwa, mwingine amehamia dini gani. Mzee wa upara alikaa, akafungwa kitambaa, akangoja. Alipakwa spiriti, akafutwa, akafunguliwa kitambaa bila neno. Alilipa, akasita mlangoni, akasema kwa upole kwamba yeye kichwa chake angeweza kukisugua mwenyewe nyumbani. Redio alijaribu kucheka, ikatoka sauti kama ya mtu aliyepaliwa.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nyumbani walimpenda. Mkewe alimsifu mbele ya majirani kwamba mume wake tangu dada augue amekuwa mtu mzima. Mama mkwe, ajabu ya maajabu, alimwita "mwanangu", akamuuliza kama ameshakula. Redio alikula chakula hicho kama anayemeza pamba.

Jumapili alikwenda kwa Fundi kubeba mizigo ya hospitali. Sebule ilijaa nguo za wateja zilizokamilika, zimetundikwa kwenye kamba kutoka dirishani hadi kabatini, na kuingia ilibidi uiname. Fundi alikuwa amemaliza kazi zote alizokuwa nazo, hata za watu wasiozihitaji upesi. Mkewe Redio na mama yake walikuwa chumbani wakikunja mashuka ya kwenda nayo.

Fundi alikuwa mezani, na mikononi alikuwa amevaa glavu nene za mpira, zile za kuoshea vyombo. Mbele yake kulikuwa na sindano na uzi. Alikuwa akijaribu kuuingiza uzi kwenye tundu la sindano. Uzi ulipinda. Akaulamba, akaukaza, ukapita pembeni. Sindano ikamponyoka, akaitafuta mezani kwa vidole vile vinene vya manjano, vikaisukuma huku na huku bila kuishika.

"Najizoeza," alimwambia Redio bila kuinua uso. "Nataka nione nitashona vipi nikiwa sihisi." Akacheka. "Nilikuwa navionea huruma vibarua vya kuosha masufuria. Kumbe vinafundisha."

Redio alingoja kicheko chake mwenyewe kije, kwa mazoea. Hakikuja. Alimtazama anaipata sindano, anaipoteza, anaipata, na hakuna hata mara moja uzi ulipopita. Ndipo akaenda chumbani.

Aliwaomba waje sebuleni. Mama mkwe aliuliza kuna nini, Redio akamwambia kuna jambo na si utani. "Wewe?" alisema mama mkwe, lakini alikuja, akakaa, na mkewe akasimama nyuma ya kiti cha mama yake akiwa bado na foronya mkononi. Fundi alipoelewa kinachotaka kutokea alianza kuvua glavu, akizivuta kidole kimoja kimoja.

"Mama," Redio alisema, "daktari alipouliza kama shemeji aliongea, alidanganywa. Aliongea. Mimi niliingia mle chumbani, nikamwongelesha mpaka naye akaongea. Tulikaa humo sehemu kubwa ya ule muda."

Mama mkwe hakumwangalia Redio, aliangalia sakafu.

"Mlango?"

"Niliufunga, Mama."

"Taa?"

"Hafifu. Ndivyo kile chumba kilivyo." Akaongeza. "Nilimshika mkono. Alikuwa analia. Hakuna lingine."

Jasho lilikuwa likimtoka kana kwamba yuko kwenye kikaango. Kila neno la kweli alilotoa lilisikika kama la uongo, na yeye mwenyewe, mzoefu wa kusimulia, alisikia jinsi lilivyosikika. Alitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe aliinua uso, akamgeukia binti yake mkubwa.

"Ulilia?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukamlilia kinyozi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyefika kwenye kilio akakuta watu wameshazika. Fundi akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake, akaweka kile kichwa chake kisicho na nywele kwenye paja lake, na kilichofuata kilikuwa chao. Redio aligeuka upande. Aligeukia kwa mkewe, ambaye hakuwa amesogea.

Alitegemea ataulizwa habari ya giza. Alikuwa amejiandaa, usiku kucha, kwa habari ya giza.

"Tangu siku ile ya daktari ulijua," mkewe alisema. "Mimi nilikuwa naosha hizi nguo za kulazwa, wewe unanishikia beseni. Juzi nilikuuliza achukue gauni gani la kulalia. Ukaniambia lile la bluu." Alikunja ile foronya, akaikunja tena, ikawa ndogo kama kitambaa cha mkono. "Ulinichagulia gauni."

Redio alifungua mdomo. Ule mdomo uliokuwa ukimlisha, uliomwozesha, uliomtoa kwenye kila kona aliyowahi kubanwa, ulifunguka na haukuwa na kitu.

Jumatatu walikwenda hospitali na mizigo yao kama walivyopangiwa, ila badala ya wodini walikwenda kwanza kwa daktari, na Redio akasimulia upya, safari hii Sista akiwepo. Hakumtaja kwa chai. Sista ndiye aliyejitaja. Alisema aliondoka, akakaa jikoni kuliko alivyokusudia, na alipoulizwa aliogopa. Alisema hivyo akimtazama daktari usoni, na Redio alimwonea wivu kwa jinsi alivyoweza.

Daktari hakufoka. Alikaa kitambo akiitazama picha, akamwambia Fundi aseme "aaa", akamwambia arudie kwa nguvu. Akampeleka kwa mwenzake wa magonjwa ya koo, ambaye alipitisha kamera nyembamba kama mrija puani mwa Fundi hadi kooni, akaangalia. Hakukuwa na uvimbe wowote. Kulikuwa na nyuzi mbili za sauti, na mmojawapo ulikuwa umelala, haujitikisi, tangu ule uvimbe wa kifuani ulipobana mshipa wake. Uliobaki ulikuwa ukifanya kazi ya wawili. Ndiyo maana sauti ilikwaruza, na ndiyo maana Fundi alipoongea, sukari yote ya koo ilikwenda upande mmoja. Ingekuwa mtu mwingine doa lingekuwa pande zote mbili, na daktari asingehitaji kumuuliza mtu.

Kulazwa kukaahirishwa. Picha irudiwe, daktari alisema, ndipo aamue. Alipokuwa akiwafungulia mlango, alimzuia Redio kidogo kwa mkono.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza wewe mwenyewe."

Kisha akaondoa mkono, akampisha apite.

Picha iliporudiwa Redio hakushuka kule chini. Hakuna aliyemkataza. Alibaki getini na walinzi, ambao walijua habari zake kutoka kwa mtu fulani na walitaka awachekeshe. Mama mkwe alikwenda na miguu yake iliyovimba, akakaa kwenye lile benchi la chuma. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa kijana mgeni. Sista alikuwa amehamishiwa dirisha la mafaili, na Redio alipokwenda kumwomba radhi alimsikiliza hadi mwisho, akapanga mafaili yake, akasema kwamba chai ilikuwa yake mwenyewe na hamdai mtu. Kisha akaita mgonjwa anayefuata.

Majibu yalitoka siku chache baadaye. Chumba kilekile, viti vilevile visivyotosha. Daktari aligeuza kioo, na safari hii alianza kutabasamu kabla hajakigeuza. Kifua kimya. Shingo kimya. Koo kijivu kama sehemu nyingine yoyote. Dawa inafanya kazi, alisema, na picha ya mapema namna hii ikiwa safi, matumaini ya mwisho mwema ni makubwa. Ataendelea na dripu zilezile. Vidole vibaki vilivyo.

Mama mkwe alipiga magoti palepale, daktari akawa anamwinua. Fundi alicheka kile kicheko chake, akalia waziwazi, mbele yao wote, bila kujifuta. Mkewe Redio alimkumbatia dada yake, akamkumbatia mama yake, akampa daktari mkono wa pili baada ya kumpa wa kwanza, akamkumbatia hata mhudumu aliyeingia kuchukua kikombe. Kisha akamfikia mumewe aliyesimama nyuma ukutani.

Akasita. Redio aliteremsha mikono ambayo hakujua kama ameshaiinua. Mkewe alimtazama shati, akaona nywele ya mteja imenasa begani, akaichukua kwa ncha za vidole, akaitupa. Halafu akarudi kwa dada yake.